Ufunguo wa Kugawa Bila Woga

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo linalowagusa watu wenye habari nzito ambao hawajui waipeleke wapi bila kujiponza. Karani aliyeona hesabu zimechezewa, muuguzi aliyeona dawa zikitoroshwa: watu kama hawa hutuandikia sisi waandishi wa habari. Na sisi huwapa anwani ya barua pepe basi, kama kwamba inatosha.

Haitoshi. Barua pepe ya kawaida, hata pale inapolindwa ikiwa safarini, hulala ikisomeka kwenye mitambo ya kampuni inayoitunza. Mwenye mtambo anaweza kuisoma, na mwenye uwezo wa kumwamuru mwenye mtambo naye anaweza.

Dawa yake ipo, nayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza wazo la kutumia funguo mbili badala ya mmoja. Mwaka uliofuata wataalamu watatu wa chuo cha MIT, Rivest, Shamir na Adleman, wakapata hesabu ya kulitekeleza. Mwaka 1991 Phil Zimmermann akatoa programu iitwayo PGP, iliyompa mtu wa kawaida uwezo huo kwenye kompyuta yake. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa tuhuma za kupeleka silaha nje ya nchi (naam, silaha, maana sheria za wakati ule ziliweka programu kama hizo katika fungu hilo) hadi Januari 1996, uchunguzi ulipofungwa bila mashtaka.

Funguo hizo mbili zinafanyaje kazi? Fikiria sanduku lako la posta. Namba yake unampa kila mtu, unaichapa juu ya barua zako, kampuni nyingine huipaka hata mlangoni mwa gari, na hakuna anayeogopa kuibiwa barua eti kwa kuwa namba imejulikana. Kufungua sanduku ni kazi ya mwenye kifunguo. Ndivyo ilivyo hapa. Ufunguo wa umma ndio unaofumba ujumbe, na yeyote anaweza kuwa nao. Ufunguo wa siri ndio unaofumbua, nao hautoki kwako.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anauficha ufunguo wake wa umma, nashangaa. Umetengenezwa ugawiwe! La kuchunga ni kutochanganya. Septemba 2017 kitengo cha usalama cha kampuni ya Adobe kilibandika kwenye ukurasa wake wa intaneti ufunguo wa umma pamoja na ule wa siri. Ilibidi funguo hizo zifutwe na nyingine zitengenezwe. Na hao ni wataalamu wa usalama.

Lakini hatari kubwa iko upande mwingine. Tuseme mjanja mmoja anachapa karatasi zenye jina langu, ila namba ya sanduku ni yake. Barua zangu zitakwenda kwake. Akiwa hodari zaidi atazisoma, azifunge upya, kisha aniletee mimi, na hakuna atakayejua. Ufunguo wa umma nao ni hivyo hivyo: mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo akaupa jina langu na anwani yangu. Swali la kujiuliza unapoupokea ni kama kweli ni wa mtu huyo.

Desemba 2012 mtu asiyejitaja alimwandikia mwandishi Glenn Greenwald, aliyekuwa akiishi Brazil, akimsihi aanze kutumia PGP ili wawasiliane. Greenwald aliona ni usumbufu, akaahirisha. Mtu yule alikuwa Edward Snowden. Januari 2013 akamgeukia mtengenezaji wa filamu Laura Poitras, ambaye alikwisha kuizoea kazi hiyo, na ili apate ufunguo wake akapitia kwa mtaalamu Micah Lee. Hapa pana kichekesho: barua yake kwa Lee ilifumbwa barabara, ila alisahau kuambatanisha ufunguo wake mwenyewe wa umma, hata Lee akakosa njia ya kumjibu kwa fumbo. Alipopewa ufunguo wa Poitras alitaka uthibitisho kwa njia nyingine. Basi Lee akaitangaza alama ya ufunguo huo kwenye Twitter, mbele ya dunia nzima, naye akalinganisha. Juni 2013 magazeti ya The Guardian na The Washington Post yakaanza kuchapa habari za jinsi Marekani inavyochunguza mawasiliano ya watu.

Alama hiyo ni ufupisho wa ufunguo, kwa kawaida tarakimu na herufi 40, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F. Ufunguo wenyewe unaweza kuuweka kwenye tovuti, kuuambatanisha na barua, au kuupeleka kwenye mtambo wa kutunzia funguo. Alama uipitishe njia tofauti: ichapwe kwenye kadi yako ya kazi, au isomwe kwa simu. Sisi wa redio tunaijua kazi hii: A ya Arusha, B ya Bukoba, C ya Chalinze, D ya Dodoma, E ya Embu, F ya Forodhani. Zamani ningesema sauti unayoifahamu inatosha kuwa ushahidi. Siku hizi kompyuta huigiza sauti za watu, kwa hiyo kukutana uso kwa uso kumerudi kuwa na thamani.

WhatsApp, ambayo tangu 2016 hufumba ujumbe, hubadilishana funguo bila wewe kujua, lakini hata humo kuna namba ya tarakimu 60 ya kulinganisha na mwenzako. Nani kati yetu amewahi kuifungua?

Mambo mawili kabla sijaondoka. PGP hufumba yaliyomo tu. Nani kamwandikia nani, lini, na mara nyingi hata kichwa cha barua, hubaki wazi. Karani wetu asiandike pale juu "Hesabu za wizi". Na unapotengeneza ufunguo, upe tarehe ya kwisha, kisha tengeneza papo hapo hati ya kuubatilisha na kuihifadhi nje ya kompyuta, maana kompyuta ikiibwa na ufunguo wa siri ukaenda nayo, utakuwa huna cha kutengenezea hati hiyo.