Bahasha ya Dawa ni Sehemu ya Tiba

Dawa hutoka kiwandani katika kasha au kopo lenye jina lake, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda wa matumizi na maelekezo ya kuihifadhi. Katika zahanati nyingi, vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika kibahasha, na maelezo yale yote hubaki kwenye kopo. Tangu dakika hiyo, kibahasha ndicho lebo pekee ya mgonjwa. Kwa anayerudi milimani Upare kutoka Same mjini, kilichoandikwa juu yake ndicho kitakachofuatwa.

Saa nane ipi?

Dawa mseto ya malaria, iliyoingia katika mwongozo wa tiba wa Tanzania mwaka 2006 badala ya SP, humezwa kwa mikupuo 6 ndani ya siku 3. Mkupuo wa pili humezwa saa 8 baada ya wa kwanza. Iliyobaki, asubuhi na jioni. Tuchukulie mama wa Gonja aliyempa mwanawe mkupuo wa kwanza saa 3 usiku. Wa pili unapaswa kuwa saa 11 alfajiri. Akisoma "baada ya saa 8", anaweza kusubiri saa nane mchana, naye mtoto mwenye homa atakuwa amecheleweshewa dawa kwa saa 9. Lugha yetu hutumia neno moja kwa muda unaopita na kwa saa ya siku. Kwa hiyo mtoa huduma aandike saa yenyewe: "leo usiku saa 3, kesho alfajiri saa 11".

Moja mara tatu

Alama "1×3" ni wazi kwetu tuliosomea kazi hii. Mgonjwa aliyejifunza hesabu shuleni aweza kuelewa vidonge vitatu kwa pamoja. Hata maneno "kutwa mara tatu" yana utata, kwani kutwa ni mchana: mtu akimaliza vidonge vyake vyote kabla ya jua kuzama, usiku mzima hupita bila dawa. Kwa dawa ya kila baada ya muda wa saa 8, andiko salama ni hili: "Kidonge 1 saa 12 asubuhi, kidonge 1 saa 8 mchana, kidonge 1 saa 4 usiku, kwa siku 5", siku zikiwa zile zilizoagizwa.

Jina la mgonjwa nalo ni lazima. Dozi ya dawa mseto hufuata uzito: mtoto wa kilo 10 humeza kidonge 1 kila mkupuo, na wa kilo 20 humeza 2. Ndugu hao wakipewa vibahasha visivyo na majina, mmoja hupungukiwa na mwingine huzidishiwa.

Joto la tambarare, ukungu wa milima

Dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe pasipozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Huko Makanya na Hedaru, joto la mchana wa kiangazi mara nyingi hupita kiwango hicho, hasa chini ya paa la bati. Juu, kuelekea Shengena, adui ni unyevu. Vidonge vya dawa mseto visitolewe katika vijumba vyake mpaka wakati wa kumeza, kwa kuwa pakiti hiyo huvikinga na unyevu.

Namba ya toleo

Aprili 2024, mamlaka za dawa za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliondoa sokoni dawa ya maji ya kikohozi ya watoto. Chupa zilizotakiwa kurudishwa zilitambuliwa kwa namba ya toleo. Familia iliyotupa kasha na kubandua lebo haina njia ya kujua kama chupa yake imo.

Kabla ya kuondoka dirishani

Mtoa huduma, andika kwenye kila kibahasha:

- jina la mgonjwa;
- jina la dawa na nguvu yake;
- idadi ya vidonge na saa za kumeza;
- idadi ya siku;
- tarehe ya kuisha muda wa matumizi na namba ya toleo.

Kisha mwombe mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe.

Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza: "Hii ni ya nini? Nimeze saa ngapi? Mpaka lini?" Asiyejua kusoma aombe achorewe jua na mwezi. Na atakaporudi kliniki, aje na vibahasha vyake vyote, hata vilivyo vitupu.