Kinyago cha Wengine: Kuifasiri Halloween katika Pwani ya Palma

Mwanafunzi wetu wa zamani, aliyewahi kufanya kazi ya ukalimani Palma, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, alituuliza swali ambalo tumeona vyema kulijibu hapa. Wafanyakazi wenzake wa kigeni walitaka kusherehekea Halloween jioni ya tarehe 31 Oktoba, wakamwomba awaalike wenzao wenyeji. Je, sherehe hiyo aiiteje kwa Kiswahili?

Tuanze na maana. Jina Halloween linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kikristo ya tarehe 1 Novemba. Tarehe 2 Wakatoliki huwaombea marehemu. Desturi za mkesha huo zilivuka bahari kwenda Marekani pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Uskochi. Leo wengi huuadhimisha bila kufikiria dini: watoto hujigeuza mizimu na wachawi, hubisha hodi nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na watu wazima hutishana kwa mzaha.

Tatizo la kwanza ni la tafsiri. Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, huiita siku hiyo Dia das Bruxas, yaani Siku ya Wachawi. Mkalimani anayetumia tafsiri sisisi atajikuta anawaalika wenzake kwenye sherehe ya wachawi! Katika Cabo Delgado neno hilo lina uzito. Mwaka 2002 na 2003, wilayani Muidumbe, simba waliua watu wengi. Baadhi ya wakazi walituhumiwa kuwa ndio waliowatuma simba hao kwa uchawi, na wapo waliouawa kwa tuhuma hizo.

Tatizo la pili ni la kinyago chenyewe. Wamakonde wa jimbo hilo wana ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kichwani kinyago cha mti mwepesi na kujifunika nguo mwili mzima ili asitambulike. Kwa mapokeo, wanawake na watoto waliambiwa kuwa huyo ni mzimu. Siri yake walifunuliwa wavulana walipopitia jando. Kwa hiyo kutishana kwa vinyago si jambo geni huko, bali lina wenyewe, wakati wake na miiko yake. Mgeni asikichukue kinyago hicho akakifanya vazi la mzaha.

Wahenga walisema, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Halloween huwachekesha walioizoea kwa sababu wanajua nani yuko nyuma ya kinyago. Asiyejua atacheka nini?

Tena ni vyema ikumbukwe kwamba tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 wakaishambulia Palma yenyewe. Maelfu walikimbia, wengine kwa mashua na wengine kwa miguu kupitia msituni. Kwa aliyepitia hayo, hodi ya usiku kutoka kwa mtu aliyejificha uso haiwezi kuwa mchezo.

Je, sherehe iachwe? La hasha. Ushauri wetu ni huu. Kwanza, mkalimani aeleze asili yake kama mkesha wa Watakatifu Wote, na mwaliko auite jioni ya mavazi ya maigizo. Pili, awaulize wenyeji faraghani, kabla ya mwaliko kutoka, ni lipi litakalowakwaza. Wengi pwani ni Waislamu, na anayekataa kuja asilazimishwe wala asidhihakiwe. Tatu, ifanyike mapema, ndani ya eneo la kazi, bila kubisha hodi mitaani na bila kutishana.

Msumbiji yenyewe ina mfano mzuri wa kuigwa. Tarehe 25 Desemba, ambayo kwa Wakristo ni Krismasi, kiserikali huitwa Siku ya Familia. Mwislamu na Mkristo wote hupumzika siku hiyo, na jina halimfungii mtu mlango. Nasi wanafunzi wa tafsiri tujiulize kila mara: neno hili nililolichagua linamkaribisha mwenzangu, au linamkimbiza?