PUMZIKO LA MOYO KATIKA KUSOMA PAMOJA

 

Wako Wakristo wengi kati yetu waliochoka. Sisemi uchovu wa shamba au wa safari, maana huo huondolewa na usingizi. Nasema uchovu wa moyo. Mtu huenda kanisani kila Jumapili, hukiri Imani pamoja na wengine, huitikia "Amina". Naye arudipo nyumbani hujiuliza kama maneno yale yamhusu yeye. Biblia anayo. Huifungua usiku, akasoma mistari miwili, akaifunga.

Mtu kama huyu tumwambie nini? Mara nyingi humwambia asome zaidi na kuomba zaidi. Ni shauri jema, lakini kwa aliyechoka laweza kuwa kama kumwongezea kuni juu ya mzigo. Leo napenda kuwaeleza njia nyingine, iliyo ya zamani sana: kusoma Biblia pamoja na wenzako wachache.

Tazameni Luka sura ya 24. Watu wawili watoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa kilometa 11 hivi. Wamekata tamaa, kwa kuwa yule waliyemtumaini ameuawa. Yesu aja kuandamana nao, nao hawamtambui. Angalieni jambo analofanya kwanza. Haanzi kwa kufundisha, bali awauliza wanazungumza habari gani, kisha awaacha waseme huzuni yao yote mpaka mwisho. Ndipo awafungulia Maandiko, tangu Musa na manabii. Baadaye, mezani, wamtambua katika kuumega mkate.

Na ilikuwaje juu ya uchovu wao? Jua lilikuwa limekuchwa, lakini waliondoka saa ile ile, wakairudia njia yote kwenda kuwaambia wenzao. Hapa twajifunza kwamba pumziko la Kristo si kukaa tu bila kazi. Ni kupata tena sababu ya kutembea.

Jambo kama hili limetokea hata katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho, baada ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Huko alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakaketi pamoja na Biblia zao kwa muda wa siku mbili, wakachunguza habari za Roho Mtakatifu, wakaomba. Kumbukeni siku zile zilikuwa za ukoloni. Haikuwa kawaida Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo kama ndugu, kila mmoja akiwa mwanafunzi. Uamsho ulioenea miaka ya 1930, ukafika Kabete hapa Kenya mwaka 1937, una mzizi wake mmoja katika kikao kile cha watu wawili.

Basi, twafanyaje? Kundi lisiwe kubwa. Watu sita mpaka kumi na wawili watosha. Kutaneni nyumbani, siku moja ya juma, kwa saa moja. Chagueni fungu fupi. Mmoja alisome kwa sauti, polepole, mara mbili, ili hata asiyejua kusoma apate sehemu yake. Kisha jiulizeni maswali matatu: Fungu hili lasema nini? Lina maana gani? Nalo lanitaka mimi nifanye nini juma hili? Kiongozi asihubiri, kazi yake ni kuuliza na kusikiliza. Anayependa kunyamaza asilazimishwe. Yasemwayo kwa machozi yasitoke nje ya mlango. Na chai iwe chai tu, isiwe karamu, maana maskini ataogopa zamu ya nyumba yake ikifika.

Nalijua kundi moja lililokuwa likisoma Yohana sura ya 11, habari za Lazaro. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto akauliza, "Mbona ndugu yake Martha alirudishwa, na mwanangu hakurudishwa?" Hakuna aliyejua la kujibu. Mzee aliyekuwa kiongozi hakujaribu kueleza. Aliirudia tu sehemu ile isemayo kwamba Yesu alilia, kisha wote wakanyamaza. Mama yule akasema, "Leo ni mara ya kwanza kuyasema haya mbele ya watu nisiambiwe kwamba sina imani." Juma lililofuata alikuja tena, na lililofuata pia.

Ndugu zangu, swali lake halikujibiwa. Lakini alikuwa amelibeba peke yake, na sasa wako wengine waliolibeba pamoja naye, mbele ya Bwana aliyelia. Katika Mathayo sura ya 11 Yesu awaahidi pumziko wenye kulemewa, na papo hapo awaambia wajitie nira yake. Wale wanaolima kwa ng'ombe wajua kwamba nira ni ya wawili. Hakuna avutaye peke yake. Imani nayo hukua hivyo: siku ambayo wewe huwezi kuamini, ndugu yako aamini karibu nawe, na siku nyingine utamfanyia yeye vivyo hivyo.

Juma hili mwalike jirani mmoja au wawili. Anzeni na Luka 24, tangu mstari wa 13 hata wa 35. Msingoje mpaka muwe wataalamu. Wale wa njia ya Emau hawakuwa wataalamu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeandamana na waliochoka, ingia na katika nyumba zetu. Utufungulie Maandiko, utufungue na midomo, tuchukuliane mizigo, hata tupate raha kwako. Amina.