Kisangani: Kikundi Kwanza, Ukumbi Baadaye

Ukitaka kuandika historia ya sanaa za jukwaani za kulipwa mjini Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, halafu ukaanza kwa kutafuta jengo lenye pazia na viti vya mahameli, hutafika mbali. Anza na kikundi. Studios Kabako ilianzishwa Kinshasa mwaka 2001 na Faustin Linyekula, mcheza dansi na mwongozaji aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, na mwaka 2006 ikahamia Kisangani, mji aliokulia. Kwa hesabu za biashara ya sanaa, huko kulikuwa kujitupa. Kinshasa kulikuwa na balozi, vituo vya utamaduni vya kigeni, waandishi wa habari na ndege za Ulaya. Kisangani iko zaidi ya kilomita 1,700 ukipanda mto, na ilikuwa bado inauguza majeraha ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku 6 ndani ya mji usiokuwa wa yeyote kati yao. Hata hivyo nadai kwamba uamuzi huo wa kuhamia ndio uliouletea mji jukwaa la kitaalamu, kuliko saruji yoyote ambayo ingemwagwa.

Kwa muda mrefu Kisangani ilikuwa ikizaa wasanii na kuwapoteza. Linyekula mwenyewe aliondoka baada ya vyuo vikuu kufungwa enzi za mwisho za Rais Mobutu, akaenda Nairobi, na huko mwaka 1997 akaanzisha kikundi cha Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Antoine Vumilia, rafiki yake na mwandishi, aliishia katika gereza la Makala jijini Kinshasa. Jina Kabako lenyewe ni la rafiki aliyefariki. Onyesho la Dinozord, la mwaka huohuo wa 2006, limejengwa juu ya hesabu hiyo ya waliotawanyika: maneno ya Vumilia yanasikika, na Serge Kakudji anaimba vipande vya Requiem ya Mozart kwa sauti nyembamba ya juu ambayo watu huishangaa kwa mwanamume. Mji uliozoea kupoteza watu hivyo haukosi ukumbi tu. Hauna sababu ya kumfanya kijana abaki: mazoezi ya kila siku, ujira unaojulikana, fundi wa taa anayejua kazi yake, na mtu wa kugharimia kazi ya msanii anayechipukia. Studios Kabako imefanya hayo, na haikuishia kwenye kazi za mwanzilishi wake.

Isitoshe, ukumbi mmoja katikati ya mji ungemfaa nani? Makiso ndiyo komini yenye maduka, ofisi na benki. Mtu wa Mangobo anafika huko kwa toleka, baiskeli ya abiria, lakini safari ya kurudi gizani ni jambo jingine. Wa Lubunga anaishi ng'ambo, lazima avuke mto. Na umeme ukikatika, jukwaa linategemea jenereta. Mafuta yakiisha, onyesho limekwisha. Ndiyo maana naona busara katika hatua ya kikundi kuitazama komini moja moja, kikishirikiana na msanifu majengo Bärbel Müller kutoka Austria, badala ya kukimbilia jumba moja la fahari.

Wapo wanaosema hiki ni kikundi cha Wazungu chenye anwani ya Kisangani. Hoja yao ina uzito. Fedha nyingi zinatoka nje, kazi zinaonyeshwa Avignon na Amsterdam, na Tuzo kuu ya Prince Claus ya mwaka 2007 ilitolewa Uholanzi. Lakini tazama kinachopelekwa huko. Le Cargo, onyesho la mtu mmoja la mwaka 2011, linafuata njia ya kurudi kusini, upande wa Ubundu, alikozaliwa Linyekula, kutafuta dansi ambazo utotoni alizisikia kwa mbali tu. Banataba, lililochezwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York mwaka 2017, lilianza na sanamu ya Walengola, kabila la mama yake, iliyokuwa imefungiwa ghalani kwenye jumba hilohilo. Mgeni ndiye aliyelipa, ila aliyeulizwa maswali ni mgeni huyohuyo.

Wengine watauliza kwa nini dansi, wakati watu hawana maji. Huko Lubunga kikundi kilijibu kwa kuiunganisha sanaa na suala la maji na mazingira ya mtaa, jambo ambalo mafundi bomba hawakuwa wamelimaliza.

Hofu inayonisumbua zaidi ni kikundi kuegemea mtu mmoja na wafadhili wa mbali. Tusidhani kwamba serikali ndiyo dawa. Mobutu alianzisha Ballet ya Taifa ya Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1974, na Linyekula aliitazama kwenye televisheni akiwa mtoto. Mwaka 2019, katika Histoire(s) du théâtre II, aliwapandisha jukwaani wacheza dansi wa zamani wa ballet hiyo, na historia ya ballet ile ikasimuliwa na wao wenyewe. Ilikuwa na amri ya rais na jina la nchi, lakini hayo hayakuilinda isififie. Kwa hiyo mkoa wa Tshopo, ambao makao yake makuu ni Kisangani, ukipata fedha za utamaduni kesho, swali la kwanza si kiwanja cha ukumbi kiko wapi. Ni nani atakayemlipa fundi wa taa mwezi ambao hakuna safari ya Ulaya.