Daftari la Kereng'ende

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumezoea kuutumia madukani, katika vyama vya ushirika na kwenye maghala ya karafuu. Leo tunauelekeza kwa mdudu ambaye karibu kila mtoto wa visiwa hivi amewahi kumkimbiza mabondeni, lakini ambaye watu wazima wachache wamepata kumtazama sawasawa. Mdudu huyo ni kereng'ende.

Mwaka 2007 wataalamu watatu, Klaas-Douwe Dijkstra, Viola Clausnitzer na Andreas Martens, walitangaza katika jarida la kisayansi aina mpya ya kereng'ende mwembamba kutoka Pemba. Jina lake la kitaalamu, pembipes, limetokana na jina la kisiwa hicho. Jamaa zake wa karibu wako mbali ng'ambo ya bahari, Bukini na Komoro. Yeye mwenyewe anajulikana kutoka kijito kimoja tu, ndani ya msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemweka miongoni mwa wale waliokaribia mno kutoweka.

Ndugu msomaji, lipime jambo hilo. Laiti kijito hicho kingekauka kabla ya wataalamu hao kufika, kiumbe huyo angekwenda zake pasipo mtu hata mmoja kujua kwamba alipata kuwako. Ni nani basi awezaye kutuhakikishia kwamba hakuna wengine wa namna hiyo katika mabonde yetu, wasiojulikana na wasioandikwa?

Zamani aliyetaka kuwaandikisha wadudu alibeba wavu na chupa. Wataalamu bado huhitaji mfano wa mdudu mwenyewe wanapotangaza aina mpya, lakini kwa kazi ya kila siku ya kujua nani yuko wapi, picha nzuri ya karibu hutosha mara nyingi, wala haitoi roho ya mtu wala ya mdudu. Kamera yenye lenzi ya karibu ndiyo bora. Hata hivyo, simu ya mkononi iliyo mikononi mwa vijana wengi inaweza kuanza kazi hiyo.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko fedha. Kereng'ende ana macho mawili makubwa yaliyoundwa kwa maelfu ya vijicho vidogo, na huona mwendo wa karibu kila upande. Anayemwendea kwa pupa ataambulia picha ya kijiti kitupu. Wakati unaofaa ni asubuhi, kabla jua halijapanda, maana mdudu huyu huhitaji joto ili misuli ya mabawa yake ifanye kazi vizuri. Mpiga picha na asogee polepole, ajiinamishe, na kivuli chake kisimwangukie. Akiruka, asifukuzwe, wengi wao hurudi kwenye kijiti kile kile, na mwenye kutulia hapo atampata.

Kuna siri nyingine ambayo hujifunzwa kwa kukosea. Katika picha ya karibu sana, sehemu inayoonekana wazi huwa na kina cha milimita chache tu. Kamera ikiwekwa upande, kichwa kitakuwa wazi na mkia utafifia. Kwa hiyo kamera haina budi kukaa sambamba na mwili wa mdudu, na macho yake yalengwe kwanza. Ipigwe picha ya ubavu, kisha ya mgongo, kisha ya ncha ya mkia, kwani kwa dume vikoleo vilivyoko hapo ndivyo mara nyingi vinavyomwambia mtaalamu aina hii ni ipi. Mwisho iandikwe tarehe, mahali na hali ya maji. Picha isiyo na tarehe wala mahali ni pambo tu.

Tunajua watakuwapo watakaouliza: je, hatuna shida nyingine hata tushughulikie picha za wadudu? Swali ni la haki, na jibu lake limo majini. Kereng'ende hutaga mayai majini au karibu na maji, na buu lake huishi humo humo likiwinda, pamoja na wadudu wengine, mabuu ya mbu. Zipo aina zinazostahimili dimbwi lolote, na zipo zisizoweza kuishi ila kwenye kijito safi chenye kivuli cha miti. Hizo za pili zikianza kutoweka mahali, ni ishara kwamba maji yamebadilika. Na maji hayo ndiyo tunayokunywa, ndiyo yanayostawisha mpunga wetu.

Liko na jambo la pepo. Charles Anderson, mtaalamu aliyeishi Maldivi, aliandika mwaka 2009 kwamba makundi makubwa ya kereng'ende wahamaji hufika huko kuanzia Oktoba yakitokea Bara Hindi, na akatoa hoja kwamba huendelea kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki, yakichukuliwa na pepo za kaskazini-mashariki. Ni msimu ule ule wa kaskazi ulioleta majahazi bandarini kwetu kwa karne nyingi. Picha zenye tarehe kutoka Unguja na Pemba, mwaka baada ya mwaka, zingekuwa ushahidi wa thamani katika suala hilo.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wenye mamlaka. Kwanza, mabwana misitu na mabwana shamba, ambao kazi yao huwapeleka mabondeni, wapewe maelekezo ya kupiga na kuhifadhi picha hizo katika daftari moja la visiwa vyote. Pili, walimu wa sayansi wawatoe wanafunzi darasani, wakaandikishe viumbe wa kijito kilicho karibu na skuli yao. Tatu, na hili ni la haraka zaidi, kijito cha Ngezi kilindwe pamoja na miti inayokifunika, na wageni wanaokwenda huko na kamera waongozwe wasikanyage kingo zake wala kung'oa majani ili wapate picha safi.

Nasi wananchi tusingoje amri. Mwenye simu na bonde karibu na nyumba yake anaweza kuanza kesho asubuhi. Karafuu tunazihesabu kwa sababu tunajua bei yake. Kijito kimoja chenye kiumbe asiyejulikana penginepo duniani hakina bei sokoni, na ndiyo maana hatuna budi kukitia daftarini mapema, kungali kuna cha kuandika.