Ulezi wa Watoto Wakati wa Korona (2): Watoto 16 Waliobaki Nje

Wiki iliyopita tuliona jinsi jimbo la Ontario, Kanada, lilivyofunga vituo vya kulelea watoto mwezi Machi 2020. Leo tutazame kufunguliwa kwake, maana hapo ndipo wazazi wengi walipokosa nafasi.

Vituo viliruhusiwa kufungua tarehe 12 Juni, kwa sharti kwamba kila kikundi kisizidi watu 10, walezi wakiwamo. Tuchukue chumba kimoja cha watoto wa miaka mitatu. Kwa kanuni za kawaida za jimbo, kikundi chao huweza kufika watoto 24, mlezi mmoja kwa kila watoto wanane. Sasa wakiingia walezi wawili, zinabaki nafasi za watoto wanane tu. Wengine 16 wako nje.

Mapato ya chumba hicho yameshuka hadi theluthi moja, lakini kodi ya pango ni ile ile. Mlezi aliyekuwa akilipwa kwa ada za watoto wanane sasa analipwa kwa ada za wanne. Kuna pia barakoa, dawa za kusafishia na mtu wa kuwakagua watoto mlangoni. Kupandisha ada hakukuwezekana, kwani serikali ilitaka zibaki kama zilivyokuwa kabla ya mlipuko.

Nani basi arudi kwanza? Waliotangulizwa ni watoto ambao wazazi wao hawawezi kufanyia kazi nyumbani, kama wauguzi. Ilikuwa haki, ila iliwaacha wale waliohesabiwa kuwa "wapo nyumbani": mama yuko mkutanoni kwa kompyuta, mwanawe anamvuta mkono akitaka kulishwa. Mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi kilichoponyoka ni kazi ya mama.

Tarehe 27 Julai kikundi kiliongezwa hadi watoto 15, na Septemba vituo vikaruhusiwa kurudia idadi kamili. Fedha za shirikisho za kusaidia ulezi, dola milioni 625 kwa nchi nzima, zilitangazwa katikati ya Julai, zaidi ya mwezi mmoja baada ya sharti kuanza kazi. Kupunguza idadi kulikuwa na sababu ya kiafya. Kosa ni kutoa amri kwanza na fedha baadaye, gharama ikaangukia vituo na wazazi.

Wiki ijayo: ahadi ya Kanada ya mwaka 2021 ya kushusha ada za ulezi.