Mambo 23 ya Charlotte

Agosti 2006, wafanyakazi wa maktaba za umma za Charlotte na Mecklenburg, jimboni North Carolina, Marekani, walipewa mafunzo yasiyo na mwalimu wala ukumbi. Walikabidhiwa orodha ya mambo 23 ya kujaribu mtandaoni ndani ya wiki tisa, kila mtu kwa nafasi yake: kufungua blogu, kupandisha picha kwenye tovuti ya Flickr, kupanga vitabu vyake kwenye tovuti ya LibraryThing, kuhariri ukurasa wa wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri), kutafuta podikasti. Jambo la 23 lilikuwa kuandika umejifunza nini.

Aliyeibuni programu hiyo ni Helene Blowers, aliyesimamia teknolojia katika maktaba hizo. Wazo alilichota kwenye makala ya mkutubi Stephen Abram, iliyowaorodheshea wakutubi mambo 43 ya kujaribu mwaka huo. Zilikuwa siku ambazo Web 2.0, yaani mtandao ambao watumiaji wenyewe huandika na kushirikishana, ilitajwa katika kila mkutano wa wataalamu, ilhali mtumishi wa kaunta hakuwahi hata kuigusa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi Blowers alivyoielewa aibu ya kazini. Kila mshiriki alitakiwa kuandika maendeleo yake kwenye blogu, lakini jina alijichagulia mwenyewe, hata la utani. Mtu aliyezeeka kwenye rafu za vitabu, anayeheshimiwa kwa kujua kila kitabu kilipo, hapendi kijana wa juzi amwone akihangaika na nywila. Kwa jina la bandia aliweza kukwama, kulalamika na kuuliza bila kujivunjia heshima. Na kwa kuwa mtaalamu wa kumkimbilia hakuwapo, watu walianza kuulizana wao kwa wao.

Zawadi nayo ilikuwepo: aliyemaliza kwa wakati alipata kifaa cha kuchezea muziki cha MP3, na jina lake likaingia kwenye bahati nasibu ya kompyuta mpakato. Wapo watakaosema huko ni kuwahonga watu wajifunze. Mimi naona afadhali hiyo kuliko semina zetu, ambako posho hulipwa kwa kusaini karatasi ya mahudhurio, na kufikia chai ya saa nne nusu ya ukumbi iko kwenye simu. Kule Charlotte hukupata kitu mpaka ufanye.

Muda haukuvihurumia vifaa vya mtandaoni walivyojifunza. Rollyo, ya kujitengenezea injini ya utafutaji, imekufa. Technorati, ya kutafuta blogu, na Bloglines, ya kuzisomea, hazikubaki kama zilivyokuwa. Google Reader, nayo ya kusomea blogu, iliyotumika katika programu nyingi zilizoiga ile ya Charlotte, ilifungwa Julai 2013. Del.icio.us, ya kuhifadhi viungo vya kurasa za mtandao, iliuzwa mara kadhaa hadi iliponunuliwa na mshindani wake Pinboard mwaka 2017. Anayepima mafunzo kwa vifaa atasema wiki zile tisa zilipotea bure, nami simkubalii: aliyezoea kufungua akaunti asiyoijua na kubonyeza bila woga hahitaji semina nyingine kila kifaa kinapobadilika.

Ila orodha ile ilikuwa na pengo. Katika mambo yote 23, hakuna hata moja lililomtaka mkutubi ajiulize nani anamiliki picha na maandishi anayoyaweka kwenye mitambo ya kampuni, wala kampuni ikifungwa yanakwenda wapi. Ajabu kwa watu ambao kazi yao ni kuhifadhi, na ambao kwa kawaida hulinda kwa ukali siri ya nani ameazima kitabu gani.

Kwa bahati nzuri Blowers aliiachia orodha chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo kila aliyeichukua aliweza kuikatakata atakavyo. Iliigwa na maktaba nyingi za Australia, kisha vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilipotoa toleo lake mwaka 2016, alama mtu anazoziacha mtandaoni na usalama wa akaunti zake viliwekwa mwanzoni mwa orodha.